Fundo la Tatu

Mwezi wa sita Lubumbashi hunifundisha hesabu.
Baridi ya alfajiri inavuka ukuta wa zizi
na Baroni, farasi wa miaka ishirini na sita,
ananigeuzia ubavu.
Nahesabu mbavu saba bila kumgusa.

Nina kamba ya mkonge. Humzungushia kifuani,
nyuma ya miguu ya mbele, pale panapokaa mkanda wa tandiko;
ncha ikikutana na kamba, napiga fundo.
Fundo la Aprili.
Fundo la Mei limeingia ndani vidole vitatu.
Mizani hatuna. Wenye mizani mji huu wanapima shaba.

Bwana Kyungu, meneja, kashuka garini na magunia mawili:
"Ngosa, mpe mahindi.
Mtu akikonda si tunampa bukari?"

Nikanyamaza. Nikamkumbuka Fanta,
yule jike mwekundu, aliyepewa ndoo nzima kwa huruma.
Usiku akajibwaga chini, akawa anautazama ubavu wake
kama mtu anayeitwa na sauti asiyoijua.
Tumbo likapoa, moto ukashukia kwato.
Wiki tatu alisimama
kama aliyevishwa viatu vya mtoto.
Huruma ya ndoo nzima.

Farasi si pipa, Bwana Kyungu.
Huko nyuma, ndani kabisa ya utumbo, ana jiko
linalowaka polepole, na kuni zake ni nyuzi za majani.
Ukimimina mafuta ya taa, litalipuka.
Ukilipa ukoka, litafukuta hadi asubuhi,
na joto lile ndilo blanketi lake.

Nilimwambia hayo? Sikumwambia.
Nilimwambia, "Ndiyo, Bwana,"
nikachota mahindi vikombe viwili, basi.
Yaliyobaki, Mungu anisamehe, tuliyasaga nyumbani.

Kisha nikapanda baiskeli hadi Kafubu.
Mama Numbi alikuwa amemaliza kung'oa karanga,
mashina yamelala shambani yakingoja kiberiti.
Nikanusa tita moja moja:
lenye vumbi jeupe la ukungu, hapana;
lililonyeshewa likalala hivyo hivyo, hapana;
lenye harufu ya majani ya chai, lete.
"Ngosa, unayachumbia?"
"Nayachumbia, Mama. Taja mahari."

Ukoka nilikuwa nao, wa kando ya njia ya Luano,
niliukata kabla haujabeba mbegu ukawa ufagio.
Vitonge vya lusani vilivuka Kasumbalesa
kati ya katoni za sabuni,
bei yake hata mke wangu sijamwambia.

Lakini majani ni kitu kimoja, meno ni kingine.
Magego ya Baroni yamelika
kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi.
Alitafuna, akatafuna, akatema vidonge
vilivyolowa, vimesokotwa, havijamezwa.
Basi panga. Nikakatakata urefu wa pingili ya kidole,
nikaroweka lusani kwenye ndoo usiku kucha
ikavimba, ikajaa, ikawa uji wa kijani,
nikamwekea mara tano kwa siku, kidogo kidogo,
ya mwisho saa nne usiku, na tochi mdomoni.

Hapo ndipo husikia kitu ninachokipenda kuliko mshahara
(mshahara wenyewe wa Machi bado):
farasi mzee akitafuna gizani,
kraa, kraa, bila haraka,
kama mtu anayetembea kwenye kokoto
akijua nyumbani ni wapi.

Agosti. Upepo umebeba vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Nimemzungushia kamba.
Fundo la Juni lilikuwa limeganda juu ya fundo la Mei.
Hili la leo liko nje yake, upana wa kidole gumba.
Kidole gumba kimoja tu. Nimepima mara mbili,
na mkono wangu ulikuwa unatetemeka.

Bwana Kyungu amekuja, akampigapiga shingo.
"Umeona? Mahindi yangu hayo!"

"Ndiyo, Bwana,"
nikaikunja kamba, nikaitia mfukoni.